Trei la mayai: niliyojifunza kwa kufundisha Kemia kwenye WhatsApp

Jumanne iliyopita usiku nilikuwa nasahihisha madaftari, simu ikalia. Namba ngeni. "Shikamoo mwalimu. Ni mimi wa trei la mayai. Nimemaliza stashahada ya famasia, wiki hii nimeanza kazi. Nimeona nikwambie." Chini yake kulikuwa na picha: binti kavaa koti jeupe, nyuma yake rafu za dawa. Niliweka kalamu nyekundu mezani. Mke wangu akauliza kuna msiba gani, maana nilikuwa kimya na machozi yananilengalenga.

Nataka niwasimulie habari ya hilo trei. Walimu wenzangu mnaniuliza mara kwa mara kama inafaa kufundisha kwa mitandao ya kijamii, na wengi mnataka jibu la ndiyo au hapana. Langu ni ndiyo. Ila ndiyo hiyo nimeilipia.

Nafundisha Kemia shule ya kata, mkoani Morogoro. Tarehe 17 Machi 2020, Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, alipotangaza shule zifungwe kwa sababu ya korona, kidato cha nne changu kilikuwa na wanafunzi 74. Mtihani wa taifa ulikuwa Novemba, na hesabu za moli, kipimo cha wanakemia cha kuhesabia chembe, zilikuwa zimewashinda tangu kidato cha tatu. Jioni ileile nikafungua grupu. Katika wale 74 nilipata namba 31. Waliobaki nyumbani kwao kulikuwa na kitochi tu, au hakukuwa na simu kabisa.

Nilianza kwa kukosea. Nilijirekodi video ya dakika 14 nikiwa nimesimama mbele ya ubao, nimevaa shati la harusi, nikaituma nikiwa na fahari kubwa. Waliojibu walikuwa watatu. Kesho yake asubuhi mama mmoja akanitumia ujumbe wa sauti, taratibu kabisa, bila hasira: "Mwalimu, niliweka bando la elfu moja. Video yako imelimaliza, na mtoto hajaona mwisho."

Nimeusikiliza ujumbe ule mara nyingi kuliko semina yoyote niliyowahi kuhudhuria. Mimi nilidhani namfundisha mwanafunzi mwenye simu, kumbe simu ni ya mama, na mama huyo anaitumia kupokea hela za wateja wake wa mboga. Bando ni lake. Muda ni wake pia, kwa sababu mpaka arudi kutoka sokoni mtoto hana kitu cha kushika. Ukilielewa jambo hili moja, mengine yote kuhusu kufundisha kwa simu utayapata mwenyewe.

Basi nikabadilisha kila kitu. Kipindi kikawa saa 1 usiku hadi saa 2, mama zao wakiwa wamesharudi. Video nikaacha. Nikawa natuma picha moja ya ukurasa wa daftari niliouandika kwa mkono, na ujumbe wa sauti usiozidi dakika tatu, ambao hauli hata MB moja. Kila mwenye simu nikampa mwenzake mmoja au wawili wa jirani wasio na simu, awapelekee daftari wanakili. Waliobaki mbali na wenzao niliwaandikia kwenye karatasi, nikazibandika kwa wakala wa miamala pale kituoni, kwa ruhusa yake.

Sauti ya trei la mayai niliirekodi nikiwa nimekaa kwenye ndoo jikoni, trei lenyewe liko mbele yangu. Niliwaambia hivi: ukitumwa dukani mayai ya sherehe, hakuna anayehesabu yai mojamoja. Unasema nipe trei mbili, na kila mtu anajua trei ni mayai 30. Mwanakemia naye hawezi kuhesabu chembe mojamoja, ni ndogo mno. Kwa hiyo naye ana trei lake, analiita moli, na ndani yake zinakaa chembe 6.02 × 10²³. Sasa chukua trei la mayai ya kuku na trei la mayai ya kware. Idadi ni ileile 30, lakini ukiyapima kwenye mizani hayalingani. Ndivyo ilivyo moli moja ya kaboni kuwa gramu 12 na moli moja ya maji gramu 18. Idadi ni moja, uzito ni tofauti.

Dakika chache baadaye ukaingia ujumbe: "Kwa hiyo mwalimu nikiwa na gramu 36 za maji nina trei mbili?"

Aliyeandika ni binti ambaye kwa miaka miwili alikaa karibu na dirisha, safu ya tatu, na sijawahi kuuona mkono wake juu. Hata mara moja. Nilishamweka moyoni kwenye fungu la wale ambao Kemia si yao. Mwenyezi Mungu anisamehe. Nikamjibu ndiyo, trei mbili, na akaendelea kuuliza mpaka saa 2 ikapita.

Nilikaa nikatafakari kwa nini. Darasani tunafundisha kwa Kiingereza. Yule binti ili aulize ilibidi kwanza alitunge swali kwa lugha anayoiogopa, kisha asimame, kisha alitamke mbele ya wenzake 73, wakiwamo wale wavulana wanaocheka mtu akikosea neno. Kwenye grupu aliandika kwa Kiswahili, akalisoma swali lake mara mbili, akalituma. Hapo ndipo nilipoona thamani ya mitandao hii kwa mwanafunzi, na sijaona kubwa kuliko hiyo. Mtihani bado ni wa Kiingereza, hilo sikulisahau. Kila tulipoelewana nilikuwa naandika sentensi ileile kwa Kiingereza na kuwataka kila mmoja airudie kwa maneno yake. Lakini walikuwa wanairudia wakiwa wameshaelewa.

Shule zilifunguliwa tarehe 29 Juni. Grupu nikaliendeleza, na hapa ndipo penye kidonda.

Usiku mmoja wa Agosti, saa 5 na dakika, mtu aliyekuwa na simu ya nyumbani kwa mwanafunzi mmoja alitupia kwenye grupu video chafu. Mimi nilikuwa nimelala. Niliiona saa 11 alfajiri. Nikamtoa, lakini video ikabaki pale pale, kwa sababu wakati ule admini hakuwa na uwezo wa kumfutia mtu ujumbe kwa wote. WhatsApp waliuleta uwezo huo mwaka 2022. Saa 2 asubuhi mzazi mmoja alikuwa ofisini kwa mkuu wa shule na simu mkononi.

Niliandika barua ya kujieleza. Kurasa tatu. Niliitwa mbele ya kikao, nikaulizwa nani alinituma kufungua grupu la wanafunzi, mwalimu mwanamume, wasichana wamo, usiku. Wenzangu niliokunywa nao chai miaka sita walitazama meza. Mmoja alisema natafuta umaarufu. Hakuna aliyeuliza wanafunzi wangapi sasa wanaweza kukokotoa moli. Nililifuta grupu siku ileile mbele yao, miezi miwili na ushee kabla ya mtihani. Maneno ya kikao kile bado yananiuma, sitaficha.

Hata hivyo makosa yangu nayajua, na ndiyo ninayotaka mwalimu mwenzangu uyachukue bure.

Sikuwa na kibali cha maandishi. Nilimwambia mkuu kwa mdomo, tukiwa tunapishana koridoni, akaitikia kwa kichwa. Mdomo hauna kumbukumbu siku ya kikao. Andika barua, taja somo, saa na majina ya wasimamizi, weka nakala.

Nilikuwa admini peke yangu. Leo sifungui grupu bila mwalimu mwanamke na mzazi mmoja kuwa maadmini pamoja nami. Ikifika saa 2 usiku, mmoja wetu analifunga ili maadmini tu waweze kuandika. Mpangilio huo ulikuwepo tangu 2018. Mimi ndiye sikuutumia, na kama ningeutumia, video ile isingeingia.

Nilikuwa najibu maswali inboksi. Swali lilikuwa la Kemia na jibu lilikuwa la Kemia, lakini ilikuwa saa 4 usiku, na aliyeuliza alikuwa binti wa miaka 17. Mwalimu, usifanye hivyo. Wala usiseme moyo wako ni safi, maana moyo wako hauonekani kwenye simu ya mzazi. Swali likija inboksi, lipeleke kwenye grupu bila jina, jibu pale wote wafaidike. Na wewe mwanafunzi, mwalimu akikuandikia mambo yasiyo ya somo, mwonyeshe mama ujumbe huo siku hiyohiyo. Usimwonee haya.

Tena nilisambaza linki ya kujiunga kila mahali. Kabla hata ya ile video alishaingia mtu nisiyemjua akauza "karatasi ya NECTA", eti mtihani wenyewe wa Baraza la Mitihani, kwa shilingi 10,000, na wapo wanafunzi waliotaka kuchangishana. Namba za watoto nazo zikawa wazi kwa kila aliyeingia. Sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na namba ya mtoto ni taarifa yake. Ingiza watu kwa mkono, mmoja mmoja, baada ya mzazi kukubali.

Wanafunzi nanyi nawaambia: grupu lina kazi pale tu daftari likiwa wazi pembeni. Nimewaona walio kwenye magrupu manane ya masomo, PDF zimejaa mpaka simu inakwama, na hawajakokotoa swali hata moja kwa mkono. Kupakua si kusoma. Andika jibu lako kwenye karatasi, lipige picha, lirushe likosolewe mbele ya wenzako.

Yule binti, baada ya grupu kufutwa, aliniletea daftari kila Ijumaa mpaka Novemba. Kemia alipata C. Kwa wengine ni alama ndogo, lakini ndiyo iliyomfungulia mlango wa famasia.

Jumanne ile nilimjibu kwamba tuna grupu jipya la kidato cha tatu, lenye kibali na maadmini watatu, na wiki hii tumefika kwenye moli. Akaniomba nimwingize. Nimeongea na mkuu wa shule na admini mzazi, wote wamekubali. Alhamisi saa 1 usiku atawatumia sauti ya dakika tatu kuhusu jinsi anavyopima dawa kazini. Ameniuliza kama aanze na trei la mayai. Nimemwambia aanze nalo.