Kitako cha bunduki: anza na msasa wa 150

Umeuliza kama uanze na msasa wa 80 kusafisha kitako cha mti wa jozi (walnut). La, 80 ni kali mno kwa mti huo, namba ikiwa ndogo msasa ni mkali zaidi, itaacha mikwaruzo utakayoihangaikia wiki nzima. Vanishi ya zamani itoe kwa dawa ya kuondolea rangi, kisha msasa wa 150, 220, umalizie 320, ukifuata nyuzi za mbao. Karatasi izungushie kibao. Kwa vidole vitupu utachimba mabonde. Pale mbao inapokutana na chuma pita kwa uangalifu sana, ukishapunguza hapo pengo halizibiki. Mikato midogo iliyochongwa pale pa kushikia ili mkono usiteleze usiipige msasa kabisa, mswaki na dawa vinatosha.

Kabla ya 320 pangusa kwa kitambaa chenye unyevu, acha ikauke. Vinyweleo vya mbao vitasimama, ndipo uvikate kwa hiyo 320.

Sufi ya chuma (steel wool) kwenye mbao tupu siipendi. Jozi ina tanini, kemikali ya asili ya mbao inayoweusha ikikutana na chuma, na kwa unyevu wetu huu wa Mombasa vijichembe vya chuma vinavyobaki hugeuka madoa meusi. Natengeneza milango Mji wa Kale, nayaona kila mara kwenye mbao za watu.

Mwisho mafuta ya linseed (mbegu za kitani) ya kuchemshwa: paka nyembamba, ngoja kama robo saa, futa yote. Masika haikauki haraka, ikinata usiongeze. Matambara ya mafuta yatandaze nje, yakirundikwa huweza kujiwasha yenyewe.

Na kwa seremala peleka mbao peke yake, bunduki ibaki kwa mwenye leseni.