Domeni kuwa wazi si ruhusa

Ndugu, umeuliza kama ununue domeni (anwani ya tovuti) ya .com yenye jina la kampuni kubwa ya simu ukiongeza "duka" mbele, maadam bado iko wazi. Usinunue, tafadhali. Anayekuuzia haangalii alama ya biashara ni ya nani. Tangu 1999 ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeni duniani, ina utaratibu wa kukunyang'anya bila mahakama: mwenye alama akithibitisha jina linafanana na lake, huna haki nalo, na ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya, linahamishiwa kwake. Ukimwandikia "nipe dola elfu mbili nikuachie", umempa ushahidi mkononi. Kwanza tafuta jina unalotaka kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, tena kwenye alama za biashara, siyo majina ya biashara peke yake. Hapo wengi hukosea.