Gollum ndani ya gunia

Tangu niitaje hapa The Hunt for Gollum, ile filamu ya 2009 ambayo mashabiki wa The Lord of the Rings, riwaya ya Tolkien ya juzuu tatu, waliitengeneza wenyewe huko Uingereza bila studio yoyote nyuma yao, maswali hayajakoma. Nachagua manne.

Kweli iligharimu pauni 3,000 tu? Mbona hata harusi zetu zinazidi hapo?

Ni kweli, ilikuwa kama pauni 3,000 hivi, kwa filamu ya karibu dakika 40. Lakini usiipige hesabu kama harusi. Mwongozaji, Chris Bouchard, alizungukwa na watu zaidi ya mia waliojitolea: waigizaji, washonaji, wapambaji, mafundi wa kompyuta. Hakuna aliyelipwa. Milima ya Wales Kaskazini ilikuwepo tayari, na msitu wa Epping uko pale pembeni ya London.

Kazi ilikuwa kwa Gollum mwenyewe, kile kiumbe cha ajabu kinachosakwa. Kumuumba kiumbe yule kwa kompyuta ni gharama ya kufilisi mtu, na watazamaji walishamzoea yule wa filamu kubwa ambazo Peter Jackson alizitoa katika kitabu hichohicho. Akitokea wa ovyo, watu wanacheka. Basi wakamtia guniani! Aragorn, shujaa anayemsaka, anamnasa, anamfunga humo, anasafiri naye, na sisi sehemu kubwa tunaona gunia likifurukuta na kusikia manung'uniko. Kitabuni gunia halimo. Aragorn anasimulia kwamba alimkuta kando ya dimbwi la maji yaliyotuama, mwili umejaa utelezi wa kijani, akang'atwa, ndipo akamfunga kamba shingoni na kumziba mdomo. Wapenzi wa kitabu walinung'unika kidogo. Mimi nilivua kofia.

Nimesoma juzuu zote tatu na kisa cha Born of Hope, ile filamu nyingine ya mashabiki, sikukiona. Wamekibuni?

Umekipita. Kiko kwenye viambatisho mwishoni mwa juzuu ya tatu, zile kurasa za koo na miaka ambazo wengi wetu tunafunga kitabu kabla ya kuzifikia. Zipo aya chache tu kuhusu wazazi wa Aragorn. Arathorn anamposa Gilraen. Baba mtu anakataa, binti bado mdogo, na tena anahisi mkwe huyu hana siku nyingi. Mama mtu anajibu kwamba ndiyo sababu ya kuharakisha: wakioana sasa, huenda tumaini likazaliwa kwa watu wao. Wanaoana. Mtoto akiwa na miaka miwili, baba anauawa kwa mshale wa jichoni.

Kutoka hapo Kate Madison akatoa filamu ya zaidi ya saa moja, akaiongoza na kuigiza humohumo, na mwishoni mwa 2009 akaiweka mtandaoni bure. Ilimla kama pauni 25,000, sehemu akiba yake, sehemu kubwa michango ya mashabiki kupitia intaneti. Kijiji unachokiona si seti ya mbao: ni West Stow, Suffolk, makumbusho ya nyumba za kale zilizojengwa upya. Kwangu hii ndiyo bora kati ya hizo mbili, ingawa mapigano yake yanarefuka.

Kama huuzi tiketi, hakimiliki inakuhusu nini?

Inakuhusu vilevile. Tolkien alifariki 1973, na sheria ya Uingereza inalinda kazi ya mwandishi miaka 70 baada ya kifo chake, yaani hadi mwisho wa 2043. Kutouza kunapunguza hasira ya mwenye mali, hakukupi haki. Mei 2024 Warner Bros walipotangaza filamu yao ya mwongozaji Andy Serkis yenye jina hilohilo la The Hunt for Gollum, ile ya mashabiki iliondolewa YouTube kwa madai ya hakimiliki, baada ya kukaa pale miaka mingi. Mashabiki wakapiga kelele, ikarudishwa upesi.

Sisi ni wanafunzi saba, Dodoma. Tunataka kuigiza filamu ya Kusadikika, kile kitabu cha Shaaban Robert. Tuanzie wapi?

Anzeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, mjue haki za kitabu ziko kwa nani, kisha muwaone mchapishaji na familia kwa maandishi. Bodi ya Filamu nayo ina kibali chake.

Halafu msijaribu kuonyesha Kusadikika yenyewe, nchi inayoelea angani. Mtaumbuka. Wekeni kamera barazani, penye kesi: Karama, mshtakiwa, kasimama, Waziri Majivuno anamshtaki, na Karama anajitetea kwa kuwasimulia wajumbe sita waliotumwa wakarudi na kuadhibiwa. Chukueni mjumbe mmoja, watano waachieni wengine. Chumba kimoja, kanzu kumi za kuazima, na nyuso za wasikilizaji.

Kati yenu saba, mmoja awe wa kurekodi sauti tu, asishike kitu kingine. Upepo wa Dodoma mnaujua wenyewe.