Vijana wa studio wanapotelea ndani ya GIMP: ninunue programu nyingine?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nina studio ndogo ya picha hapa Mwanjelwa, Mbeya. Tunatumia GIMP, programu ya kuhariri picha, kwenye kompyuta mbili, moja ina toleo la 2.8, nyingine 2.10. Vijana wangu wawili wanapiga picha vizuri, ila wakikaa kwenye mashine wanapotea. Mara paneli zote zinatoweka, mara picha ya mteja inahifadhiwa halafu haifunguki kwenye simu yake, na kusafisha chunusi za sura moja kunakula dakika 20. Mwanafunzi wa kompyuta aliyepanga jirani amejitolea kutusaidia. Ninunue programu nyingine, au hii inarekebishika?

JIBU: Salama dada, pole na majukumu. Usinunue kitu bado. Hayo matatu uliyoyataja nayajua, na hakuna hata moja linalotokana na uzito wa akili za vijana wako. Yanatokana na jinsi programu ilivyopangwa, na sehemu kubwa ya mpangilio huo unaweza kuubadilisha mwenyewe leo jioni ukishafunga duka.

Paneli kutoweka ni kitufe cha Tab. Kwenye GIMP, ukikibonyeza, paneli zote za pembeni zinajificha ili picha ibaki peke yake; ukikibonyeza tena zinarudi. Kijana anakigusa kwa bahati mbaya, skrini inabaki tupu, anadhani ameharibu mashine ya bosi, anaizima. Kazi isiyohifadhiwa inapotea hapo hapo. Mwambie tu, hofu itaisha.

Suala la pili ni zito zaidi. Tangu toleo la 2.8 lilipotoka mwaka 2012, GIMP ilitenganisha vitu viwili ambavyo watu wengi tunaviita kwa jina moja. Ctrl+S inahifadhi kazi katika faili la XCF, aina ya GIMP yenyewe, lenye leya (tabaka za picha) zake zote, na faili hilo ndilo simu ya mteja inalolikataa. Ukitaka JPEG au PNG, aina za picha ambazo simu inazifungua, unakwenda kwenye Export, yaani Ctrl+Shift+E. Waliotenganisha walikuwa na sababu nzuri: JPEG inabana leya zote kuwa picha moja na kupunguza ubora, kwa hiyo mtu aliyefanya kazi ya saa tatu alikuwa anaweza kuipoteza kwa kubonyeza mara moja. Lakini hawakumwona mtu wa picha za paspoti mwenye foleni ya wanafunzi mlangoni. Inawezekana kuingia kwenye Edit, kisha Keyboard Shortcuts, ukaipa Export ile Ctrl+S. Mimi sikushauri, maana siku mkipata kazi ya harusi mtazilia leya zenu. Afadhali mkubaliane maneno mawili hapo studio: "kuhifadhi kazi" na "kutoa picha". Yaandike kwenye karatasi, yabandike chini ya skrini, na wewe mwenyewe usiseme tena "sevu hiyo picha".

Sasa chunusi. Hapa ndipo ningependa ukae nyuma ya kijana wako, kimya, umtazame. Niliwahi kukaa hivyo nyuma ya kijana mmoja Iringa, studio iliyo karibu na Mashine Tatu, na nilijifunza mengi kuliko kwenye mafunzo yoyote niliyowahi kutoa. Alikuwa anasafisha sura kwa chombo cha kunakili ngozi (Clone), doa moja baada ya jingine, na kila doa likiacha kiraka. Chombo cha kuponya madoa (Heal), kinacholinganisha rangi na mwanga wa ngozi chenyewe, alikuwa hakijui. Hakuwa mvivu wa kutafuta. Kwenye matoleo ya karibuni ya 2.10, kuanzia 2.10.18 ya mwaka 2020, vyombo vimepangwa kwa makundi, na kile cha kuponya kimejificha nyuma ya kile cha kunakili. Dalili pekee ni pembetatu ndogo kwenye kona ya ikoni; ukibonyeza na kushikilia kipanya hapo, vingine vinajitokeza. Kwenye kompyuta yako ya 2.8 hakuna makundi na ikoni zina rangi. Kwenye hii nyingine ni za kijivu. Kijana akizoea mashine moja, ya pili inamgeuzia njia.

Kwa hiyo anza kwa kuweka toleo moja, hilo la karibuni la 2.10, kwenye mashine zote mbili. Kisha fungua Edit, Preferences, Interface, Toolbox, uondoe alama kwenye makundi ya vyombo. Hapo hapo kuna orodha ya vyombo, kila kimoja na alama yake ya jicho: zima vyote msivyovitumia. Studio ya paspoti na harusi haihitaji zaidi ya vyombo kumi. Faida yake si unadhifu tu. Mwaka 1954 Paul Fitts, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha kwamba muda wa mkono kufikia kitu unategemea umbali wake na ukubwa wake. Ikoni ndogo, kwenye kona ya mbali, katikati ya nyingine 30, ni muda wa mteja unaoteketea. Chombo cha kuponya kina kitufe chake pia, herufi H, na hicho hakihitaji safari ya mkono kabisa.

Kwa paspoti, chagua chombo cha kukata, kifunge kwenye uwiano wa 35:45 kama huo ndio mnaotumia, kisha kihifadhi kama Tool Preset, yaani mpangilio wa chombo uliowekwa tayari. Asiwepo wa kukisia tena.

Jambo ambalo hukuuliza: kama kibanda chenu kinatazama barabarani kama vingi vya hapo Mwanjelwa, ule mwonekano mweusi wa 2.10 unageuza skrini kuwa kioo cha kujitazama. Weka wa kijivu, kwenye Interface, Theme. Jicho pia linapima rangi ya ngozi vizuri zaidi likizungukwa na kijivu. Na mkishapanga kila kitu, nenda Window Management, bonyeza kuhifadhi nafasi za madirisha sasa, halafu ondoa alama ya kuzihifadhi kila mkifunga. Kesho asubuhi programu itafunguka kama ulivyoiacha wewe, hata kama kijana alivuruga jana.

Huyo mwanafunzi mpokee kwa mikono miwili, lakini siku ya kwanza asiguse kipanya. Achukue daftari, awape vijana kazi halisi, aandike kila mahali wanaposita, wanapokosea, na neno wanalolitamka wakikwama. Asiwasaidie mpaka wamwombe. Yatakayobaki baada ya marekebisho haya, ambayo mipangilio haiwezi kuyatatua, ayaandike kwa Kiingereza chepesi na picha za skrini. Watengenezaji wa GIMP wanapokea taarifa za namna hiyo kwenye GitLab ya GNOME, tovuti ya watengenezaji wa programu huria, na wana sehemu maalumu ya kujadili mwonekano na urahisi wa matumizi. Programu hii ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na mpaka leo inajengwa na watu wanaojitolea. Aeleze mashine ni ipi, skrini ina ukubwa gani, na kijana alikuwa anatafuta nini alipokwama.