Maswali na Majibu: Brigedi ya 48 ya Georgia, jeshi la akiba la Marekani

*Brigedi ya 48 ni sawa na mgambo wetu?*

Si sawa. Mgambo wa Tanzania, walioitwa kwa wingi kwenye Vita vya Kagera 1978–79, ni askari wa silaha nyepesi. Brigedi ya 48 ni ya askari wa miguu wa Gadi ya Taifa (National Guard, jeshi la akiba la majimbo ya Marekani), makao yake mji wa Macon. Siku za amani iko chini ya gavana wa jimbo la Georgia, na kimbunga kikipiga ndiyo huitwa kuokoa watu. Rais akiihitaji, inaingia jeshi la taifa.

*Kwa nini ilikosa Vita vya Ghuba 1991?*

Wakati huo ilikuwa ya vifaru na magari ya deraya, na kwenye makaratasi ndiyo brigedi ya tatu ya Divisheni ya 24 iliyoko Fort Stewart. Iraq ilipoivamia Kuwait Agosti 1990, divisheni iliondoka na Brigedi ya 197, ya askari wa kudumu, badala yake. Sababu moja ilikuwa ya kisheria: askari wa akiba wangeweza kuitwa kwa siku 90, na kuongezewa 90 tu. Bunge la Marekani lilirefusha muda huo Novemba, na tarehe 30 ya mwezi huo Brigedi ya 48 ikaitwa. Ikapelekwa jangwani Fort Irwin, California. Ilithibitishwa kuwa tayari 28 Februari 1991, siku ileile mapigano yaliposimama.

*Miezi mitatu yote ya nini?*

Hesabu mwaka wa askari wa akiba: vipindi 48 vya saa nne, vinne kila wikiendi ya mazoezi, jumla siku 24. Ongeza siku 15 za kambi: 39. Toa muda wa kuitana majina, kujaza fomu, kupimwa afya na kusafiri hadi viliko vifaru. Mpiga mzinga hodari anaweza kupatikana hivyo. Kigumu ni kazi ya makao makuu ya brigedi: kutoa amri mapema ili kombania (vikosi vidogo vilivyo chini yake) nazo zipate muda wa kupanga, kisha kuoanisha mizinga, wahandisi na vifaru ili vipenye kizuizi kwa wakati mmoja. Hilo halifundishiki wikiendi. Matengenezo ya magari nayo yalilegalega, na askari wengine walizuiwa kwenda vitani na meno mabovu tu! Kuwalaumu askari peke yao ni kuwaonea. Mpango ulidai mazoezi ya ngazi ya brigedi, yenye maelfu ya askari, kwa muda unaotosha platuni, kikosi cha askari makumi tu. Baada ya vita mazoezi ya wakati wa amani yalishushwa hadi ngazi hiyo ya platuni.

*Ilipigana baadaye?*

Ndiyo. 2005 ilikuwa Iraq, kwanza eneo la Mahmudiyah kusini mwa Baghdad, kisha ikalinda misafara na kambi. 2009 ilikwenda Afghanistan, ikiwa sasa bila vifaru, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kuwanoa askari na polisi wa huko. Mwaka 2016 iliambatanishwa na Divisheni ya 3, iliyoko palepale Fort Stewart, ikavaa beji yake begani.