Talaka nimepata, mbona deni la gari bado ni langu?

Dada, umeuliza kwa nini benki wanakupigia wewe ilhali mumeo alikubali mbele ya hakimu kumaliza mkopo wa gari. Wanakupigia kwa sababu sahihi yako ipo kwenye mkataba. Benki hawakuwa mahakamani. Hakimu aliwagawia mzigo ninyi wawili, mkataba wa benki hakuugusa. Mwenzio asipolipa unaweza kumrudisha kortini kwa hati ya hakimu, lakini kabla kesi haijasikizwa majina yanayokwenda CRB, zile kampuni zinazoweka kumbukumbu za wakopaji, ni mawili.

Mimi talaka yangu ilitoka 2021, hapa Mombasa. Mkopo wetu wa pamoja ulikuwa wa tuktuk. Tuliiuza, tukalipa salio, nikadai barua ya benki kwamba akaunti imefungwa. Kama gari lenu haliuziki, mwambie achukue mkopo mpya kwa jina lake peke yake aulipie huu wa zamani. Ahadi ya mdomo usiipokee, hata akiapa. Na mwezi atakaochelewa, ukiweza lipa wewe, weka risiti, umdai baadaye. Inauma, najua. Nililipa miezi miwili ya tuktuk nisiyopanda.

Lililonitesa hasa ni sacco. Nilikuwa nimemdhamini mume wangu mkopo pale, na akiba yangu ikakaa pale kama mbuzi aliyefungwa kambani: naiona, siwezi kuitoa. Nikaenda ofisini na hati ya talaka, kichwa juu. Karani akaisoma kwa adabu, akanirudishia. "Mama, hii imevunja ndoa. Udhamini mpaka uniletee mdhamini mwingine." Ilinichukua miezi saba kumsihi shemeji yangu, mdogo wa mtalaka wangu, akubali kuingia mahali pangu. Bahati nilikuwa sijamtukania mama yake.

Sasa sikiliza hili, maana wengi hawalifikirii. Laini ya simu aliyokuwa akitumia niliisajili mimi kwa kitambulisho changu, zamani, alipopoteza chake. Tukaachana, laini ikabaki kwake. Akakopa kwa simu shilingi 6,400, asilipe. Kanuni zetu Kenya zinamtaka mkopeshaji akupe notisi ya siku 30 kabla ya kupeleka jina lako CRB. Notisi ilitumwa, sikatai. Ilitumwa kwenye laini ile ile, akaisoma yeye! Mimi nilikuja kujua nilipoomba mkopo wa karo nikakataliwa.

Kwa hiyo leo hii, kabla hujapika chakula cha jioni, bonyeza *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako kwenye Safaricom. Mitandao mingine waulize dukani kwao. Kisha omba ripoti yako ya CRB. Kampuni zenye leseni ni TransUnion, Metropol na Creditinfo, na kila moja inapaswa kukupa ripoti moja bila malipo kwa mwaka. Chukua kwa zote tatu, kwa sababu wakopeshaji hawapeleki taarifa mahali pamoja. Ukikuta deni usilolijua, andika malalamiko mara moja, kwa mkopeshaji na kwa CRB yenyewe.

Nilijaribu kupinga lile la 6,400. Nikaulizwa: laini ni ya nani? Ya kwangu. Basi. Nililipa, ripoti ikabadilika kuonyesha limelipwa, ila historia ya kuchelewa inakaa miaka 5 tangu siku ya kulipa. Mkopo wa karo nilikuja kuupata kwenye chama chetu cha akina mama, ambao hawakuuliza ripoti yoyote, walinijua tu.

Laini yenyewe nilienda kuifunga. Jioni akanipigia kwa simu ya jirani, amepandwa na hasira, anauliza wateja wake watampataje. Nikamwambia akasajili yake.