Waliobaki Ireland baada ya njaa waliishije?

SWALI: Habari za kazi mhariri, mwanangu kasoma shuleni kuhusu ile njaa ya viazi kule Ireland, mi nataka kujua waliobaki vijijini waliishije baadaye? Mama wa watatu, Morogoro.

JIBU: Asante mama. Njaa ilianza 1845, ugonjwa ulipoozesha viazi mashambani, ikaenda mpaka kama 1852, watu kama milioni moja wakafa, wengine zaidi ya milioni wakapanda meli, na waliopukutika zaidi ni vibarua wenye kijishamba cha viazi tu.

Ila kilichobadilika sana ni urithi. Zamani baba anawakatia wanawe kila mmoja kipande, kijana anajenga kibanda anaoa mapema, sasa baada ya njaa watu wakaogopa, shamba lote likawa linaenda kwa mtoto mmoja, binti mmoja labda anapata mahari (kule walikuwa wanatoa wazazi wa binti), wengine wote ni meli ya Marekani. Na huyo mrithi anasubiri mpaka mzee aachie shamba, ndo maana wengi walichelewa kuoa na wengine hawakuoa kabisa.

Kinachoniuma mimi ni usiku wa kuagana. Majirani wanajaa nyumbani, wanakesha, wanapiga muziki, wanalia, yani msiba kabisa na mtu yupo hai amekaa pale, maana mama anajua huenda asimwone tena binti yake. Baadaye barua inakuja na hela ndani, inalipa kodi ya shamba na nauli ya mdogo wake anayefuata.